SOMO LA ROBO HII: Mlezi Mwenye Mimba Changa na Usalama Wake Kazini



Katika sharika zetu nyingi kuna darasa la chekechea au kituo cha kulelea watoto wadogo wakati wa mchana. Wanaofanya kazi hiyo karibu wote ni akina mama na mabinti walio katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo si jambo la ajabu kwamba kila mwaka, katika kituo hiki au kile, mlezi mmoja hupata ujauzito. Somo letu linahusu miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito huo, yaani kipindi cha mimba changa, na namna mlezi anavyoweza kuendelea na kazi yake bila kujiweka hatarini, yeye na mtoto aliye tumboni. Linawahusu walezi wenyewe, lakini linawahusu pia wajumbe wa kamati za vituo, viongozi wa sharika na waume. Sababu itaonekana katika kisa kifuatacho.

Kisa kilichonifundisha

Miaka kadhaa iliyopita tetekuwanga iliingia katika kituo kimojawapo nilichokuwa nasimamia. Ndani ya wiki tatu watoto 11 walikuwa wameugua. Mlezi mmoja kijana aliwahudumia kwa moyo wote: aliwabeba, akawaogesha, akawapaka dawa ya kupunguza muwasho. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa na mimba ya zaidi ya miezi miwili, wala yeye hakukumbuka kuwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Baada ya wiki mbili alipata homa kali na vipele mwili mzima, kisha kifua kikabana. Alilazwa siku tisa kwa nimonia.

Nilipomtembelea wodini nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mratibu, fomu ya mkataba iliuliza kama nina mimba. Niliandika hapana, maana wakati ule sikuwa nayo. Ilipoingia nikaogopa mtasema nilidanganya, na mkataba ulikuwa karibu kwisha."

Fomu ile niliitengeneza mimi.

Mama yule alipona, na mtoto wake alizaliwa salama. Leo yuko darasa la tatu. Namshukuru Mungu kwa hilo, lakini siwezi kusema kwamba utaratibu wetu ulichangia chochote. Tangu hapo nimejifunza mambo mawili. Kwanza, hatari nyingi za mimba changa hufika kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna mimba. Pili, hofu ya kupoteza kazi hufunga mdomo wa mama katika wakati ule ule ambao angehitaji kusema. Kwa hiyo kinga haiwezi kuwa jambo la mjamzito peke yake. Lazima iwe desturi ya kituo kizima, kila siku, na lazima mahali pa kazi pawe mahali ambapo mama anaweza kusema mapema bila kuadhibiwa.

1. Kwa nini miezi mitatu ya kwanza?

Katika majuma haya viungo vya mtoto ndipo vinapoumbwa. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Kufikia wiki ya 12 viungo vingi vikuu vimekwisha kupata umbo lake. Kinachodhuru wakati viungo vinaumbwa huweza kuacha kilema cha maisha, ambapo kitu hicho hicho mwezi wa saba kingeleta madhara madogo zaidi.

Sasa tazama upande wa mama. Anapokosa siku zake kwa mara ya kwanza, mimba tayari ina kama wiki mbili. Akisubiri mwezi wa pili ili apate hakika, kisha akakaa kimya mwezi wa tatu kwa aibu au kwa hofu ya maneno ya watu, kipindi chenye hatari kubwa kimepita bila kinga yoyote.

2. Magonjwa ya watoto yanayomhusu mlezi

Tuseme wazi kwanza: walezi walio wengi hufanya kazi na watoto hadi kujifungua na hupata watoto wenye afya. Hatusomi haya ili tuwaogope watoto. Tunayasoma ili tujue lipi la kufanya.

(a) *Rubela.* Kwa mtoto ni ugonjwa mwepesi: homa kidogo, vipele vidogo, tezi kuvimba nyuma ya masikio. Kwa mimba changa ni hatari kubwa. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, aitwaye Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, akagundua kwamba mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Leo tunajua kwamba mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika ni mkubwa sana, unaweza kufikia 90 kwa 100. Madhara yake ni uziwi, upofu, kasoro za moyo, au mimba kutoka.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014, kwa kampeni ya watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, na sasa hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Hii ina maana kwamba mlezi aliyekuwa na miaka 15 au zaidi mwaka ule hakufikiwa na kampeni. Wengi wao walipata kinga kwa kuugua utotoni, lakini si wote. Binti anayetaka kufanya kazi ya malezi aulize kituo cha afya kuhusu chanjo hii kabla ya kushika mimba. Haitolewi kwa mjamzito, na aliyechanjwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

(b) *Surua.* Huenea kwa kasi kwa njia ya hewa. Mjamzito asiye na kinga huweza kuugua vibaya, mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kinga ni ile ile chanjo ya watoto wetu wote.

(c) *Tetekuwanga.* Mtoto huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya vipele kutokea, hadi malengelenge yote yakauke. Aliyewahi kuugua kwa kawaida ana kinga. Ambaye hajawahi, akiwa mjamzito, anaweza kupata nimonia kali, na kwa nadra mtoto tumboni hupata kasoro. Mlezi wa namna hii akikaa chumba kimoja na mtoto mwenye tetekuwanga, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje vipele vyake mwenyewe.

(d) *Virusi vya saitomegalo.* Hivi ni vya kawaida sana kwa watoto wadogo, nao hawaonyeshi dalili. Mtoto huweza kuvitoa katika mate na mkojo kwa miezi mingi, hata miaka. Watu wazima wengi wa nchi zetu waliambukizwa tangu utotoni, lakini aliyeambukizwa zamani anaweza kuambukizwa tena. Virusi hivi ni mojawapo ya sababu kubwa za watoto kuzaliwa viziwi. Hakuna chanjo. Kinga yake ni mikono safi na kujihadhari na mate.

(e) *Ugonjwa wa mashavu mekundu,* unaoletwa na virusi vya pavo. Kwa ngozi zetu wekundu huo ni vigumu kuuona, na mtoto huambukiza zaidi kabla vipele havijatokea. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito unaweza kumfanya mtoto tumboni apungukiwe damu, au mimba itoke. Mjamzito aliyekaa karibu na mgonjwa awaeleze wahudumu wa kliniki.

Msomaji utaona kwamba katika magonjwa matatu ya mwisho mtoto anaambukiza wakati bado anaonekana mzima. Kwa hiyo kumwambia mlezi, "Kaa mbali na wagonjwa tu," hakutoshi.

3. Desturi saba za kituo salama

Desturi hizi ni za walezi wote, wenye mimba na wasio nayo, wa kike na wa kiume.

1. *Kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka,* kwa sekunde 20 hivi: baada ya kubadili nepi, kumwogesha mtoto, kumpeleka chooni, kumfuta kamasi au kumlisha, na kabla ya kula. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa. Kiwepo kimoja karibu na choo na kingine karibu na mahali pa kubadilishia nepi. Maji ya beseni moja yanayonawiwa na watu wengi hayafai.

2. *Kujihadhari na mate ya watoto.* Hapa sisi sote tuna mazoea ya kuacha. Mlezi huonja uji kwa kijiko cha mtoto, au humalizia makombo ya mtoto asiyetaka kula. Kila mtoto awe na kikombe na kijiko chake, na mlezi awe na chake. Tumbusu mtoto kichwani, si mdomoni.

3. *Kuacha kufuta kamasi kwa ncha ya kanga.* Kanga hiyo hiyo baadaye hufuta jasho la uso wa mlezi. Viwepo vitambaa vidogo vinavyotumika mara moja, kisha vinafuliwa na kuanikwa juani.

4. *Kushughulikia nepi na poti kwa uangalifu.* Kinyesi kitupwe chooni, si nyuma ya jengo. Glavu zikiwepo zivaliwe, lakini glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Damu ya mtoto aliyeumia isiguswe kwa mikono mitupu.

5. *Kutumia dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya chupa.* Madirisha yafunguliwe. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo wala siki, kwani hutoa hewa yenye sumu. Mlezi mwenye kichefuchefu apewe kazi nyingine siku ya usafi mkubwa.

6. *Kufunika mchanga wa kuchezea* kila jioni. Paka wakijisaidia humo huweza kuacha vimelea vya toksoplazma, ambavyo humdhuru mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo mjamzito asizoe kinyesi cha paka, aoshe vizuri mboga na matunda, na ale nyama iliyoiva kabisa.

7. *Kuwa na daftari la magonjwa.* Mtoto mwenye homa na vipele abaki nyumbani hadi mhudumu wa afya aseme anaweza kurudi. Mwalimu mkuu aandike tarehe na dalili, kisha awatangazie walezi wote siku hiyo hiyo. Tangazo likitolewa kwa wote, hata yule ambaye hajamwambia mtu habari ya mimba yake atalisikia na kuchukua hatua.

4. Kubeba, kusimama na moshi

Mtoto wa miaka miwili ana uzito wa kilo 12 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji inazidi kilo 20. Katika vituo vyetu mlezi huyo huyo anayebeba watoto ndiye pia anayechota maji na kukoroga sufuria kubwa ya uji jikoni. Mimba changa humchosha mama hata kabla tumbo halijaonekana, na wenzake wakamwona mvivu.

Mlezi apige magoti badala ya kuinama kutoka kiunoni. Mtoto anayeweza kutembea apande mwenyewe kwenye benchi la kubadilishia nguo. Maji yachotwe kwa ndoo ndogo, au kamati itafute mtu wa kuchota. Kiti kiwepo darasani, na mlezi akikalie bila kuona haya. Jiko la kuni au mkaa lisiwe chumba kisicho na dirisha, maana moshi humdhuru mama na mtoto tumboni. Mlezi apate maji ya kunywa na muda wa kula kidogo kidogo, hasa asubuhi.

5. Kliniki na dawa

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mahudhurio manane ya kliniki, na la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Huko mama hupimwa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, na hupata vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Foliki asidi husaidia ule mrija wa uti wa mgongo ujifunge vizuri, na kwa hiyo ni vema zaidi ianze kabla ya mimba kutungwa. Kinga ya malaria kwa vidonge vya SP huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kabla ya hapo chandarua ndiyo ngao, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu dawa, kuna jambo moja ambalo vituo husahau. Siku watoto wanapopewa dawa ya minyoo, vidonge hubaki na walezi humeza. Dawa ya minyoo haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Mlezi yeyote anayehisi huenda ana mimba asimeze. Vivyo hivyo asinunue dawa za maumivu au za kuua vijidudu dukani bila kumwambia mwuzaji hali yake.

Mama aende hospitali bila kuchelewa aonapo damu ukeni, maumivu makali ya tumbo, homa, kuzimia, au kutapika kiasi cha kushindwa kubakiza hata maji.

6. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mambo yafuatayo:

- Mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, wala ujauzito si sababu halali ya kumwachisha kazi.
- Mwajiri hatamtaka wala kumruhusu mjamzito au mama anayenyonyesha afanye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kama kazi yake ni ya namna hiyo, apewe kazi nyingine inayofaa kadiri inavyowezekana, kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza.
- Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja.
- Aliyeachishwa kazi isivyo halali anaweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Sheria hiyo inamtaka mama atoe taarifa walau miezi mitatu kabla ya kujifungua. Kamati nyingi husimama hapo na kusema, "Hakutuambia kwa wakati." Lakini taarifa hiyo ni kwa ajili ya kupanga likizo. Kwa kinga ya mimba changa, mwezi wa sita ni kuchelewa mno. Sheria haiwezi kumlazimisha mama aseme mwezi wa pili. Ni sisi wa kumfanya aone kwamba akisema hatapoteza kitu.

Najua walezi wengi wetu hulipwa posho na huitwa wanaojitolea. Tusijifiche nyuma ya neno hilo. Mgongo unaobeba watoto kwa posho unachoka sawa na ule unaobeba kwa mshahara.

7. Kamati ifanye nini?

Katika vituo vya mradi wetu tulifuta lile swali katika fomu. Mahali pake tuliandika sentensi moja: kwamba mlezi akipata ujauzito atapunguziwa kazi nzito, na mkataba wake hautaguswa kwa sababu hiyo. Haikugharimu fedha. Mwaka uliofuata walezi wawili walikuja kusema kabla ya mwezi wa tatu, mmoja akiwa ameongozana na mumewe.

Tunashauri kila kamati ifanye haya:

1. Isome upya fomu na mikataba yake, na kuondoa swali lolote la ujauzito.
2. Imteue mama mmoja mwenye busara, asiye mwajiri, ambaye walezi wanaweza kumwambia kwa siri.
3. Iwaulize walezi wote, mara moja kwa mwaka, nani amewahi kuugua tetekuwanga na nani amechanjwa rubela. Wote wakiulizwa, hakuna atakayenyoshewa kidole.
4. Iandike mapema nani atashika zamu ya nani mlezi anapokwenda kliniki, ili asilazimike kuomba kama msaada kile ambacho ni haki yake.
5. Itenge fedha ya sabuni. Kituo kisicho na sabuni hakina kinga, hata kikiwa na mabango mazuri ukutani.

Maswali ya kujadili

1. Katika kituo chetu, mlezi akipata ujauzito leo, atamwambia nani kwanza? Kwa nini mtu huyo?
2. Ni desturi ipi kati ya zile saba ambayo hatuifuati? Inahitaji fedha, au inahitaji kuamua tu?
3. Mume wa mlezi anaweza kusaidia nini nyumbani katika miezi mitatu ya kwanza, ili mkewe asifike kazini akiwa amechoka tayari?
4. Someni fomu yenu ya ajira kwa sauti. Ingekuwa binti yako anaijaza, ungependa ajibu maswali yote yaliyomo?

Walezi wetu wanatunza watoto wa usharika mzima. Nasi tuwatunze wao na watoto wao ambao bado hatujawaona. Kamati itakayojadili somo hili ituandikie imeamua nini, ili wengine nao wajifunze.